Ndoa Ni Watu Watano

Mwaka jana, mwezi wa tisa, tulikaa watu kumi na wanane kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja hapa Nairobi, chai ya maziwa na mandazi mezani, kupanga harusi yangu. Mweka hazina alisoma bajeti kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza siku ya Dominika. Hema na viti vya wageni 350. Chakula. Keki ya ghorofa tano. Mapambo. Magari matatu ya rangi moja. Msherehesha. Dijei. Mpiga picha na droni yake. Mstari wa mwisho ulikuwa "mengineyo". Jumla: shilingi 780,000.

Niliuliza swali moja tu. Cheti cha ndoa kiko kwa mstari upi?

Watu walicheka. Mjomba akasema, "Hiyo si ni ya padre, mwanangu? Sisi wacha tushughulike na harusi."

Nikanyamaza, lakini chai haikushuka tena.

Wasee, wacha niseme jambo ambalo wengi wetu tunalijua na hatulisemi kanisani wala kwenye kamati. Harusi imeimeza ndoa. Kuna Wakatoliki wenye ubatizo na Kipaimara, wanaopendana, wanaolea watoto, waliokaa pamoja miaka kumi, kumi na tano, bila cheti na bila sakramenti. Ukiwauliza, hakuna hata mmoja atakayekwambia amekataa ndoa. Atakwambia bado wanajipanga. Wanajipanga kwa nini? Kwa hema, kwa keki, kwa droni. Na siku mambo yakiharibika, gharama ya kujipanga hailipwi na kamati.

Kwetu ililipwa na dada yangu.

Alianza kukaa na shemeji mwaka 2007, chumba kimoja Kariobangi, jiko la mafuta ya taa na kitanda cha futi nne. Shemeji alikuwa fundi kwenye kiwanda, mtu mpole, mtu wa jumuiya. Kila mwaka walisema, "Tutafanya Desemba." Desemba ya kwanza mahari haikuwa imekamilika. Desemba nyingine ikawa ni mtoto. Halafu karo. Halafu dada akasema hawezi kupita kanisani na gauni la kukodi ilhali marafiki zake wote walishona. Halafu corona. Kila Jumapili walikaa benchi moja, na wakati wa Komunyo walibana magoti pembeni ili wengine wapite. Miaka kumi na minne ya kubana magoti.

Shemeji alikufa 2021, ajali ya barabarani, asubuhi akienda kazini.

Kwenye mochari ndugu zake walifika kabla yetu. Dada alipouliza habari za mazishi, mmoja wao akamwuliza, kwa adabu kabisa, "Wewe ni nani wake?" Kazini kwa marehemu, karani aliyeshughulikia mafao alimwomba kitu kimoja: cheti cha ndoa. Dada akatoa picha. Akatoa barua ya chifu. Akatoa kadi ya jumuiya yenye majina yao mawili. Karani akazirudisha zote, moja moja, akazipanga vizuri kama mtu anayemrudishia mgonjwa dawa zisizo zake. "Mama, hizi zinaonyesha mlikaa pamoja. Mimi naulizwa kama mlioana."

Ilichukua miaka miwili, wakili, na kiwanja ambacho dada aliuza hasara ili kumlipa wakili.

Na kuna jambo moja linaloniwasha mpaka leo. Wiki chache baada ya mazishi dada alienda kuungama, na Jumapili iliyofuata akapokea Komunyo. Hakukuwa na kizuizi tena. Mwanamume aliyekuwa anakaa naye bila ndoa alikuwa kaburini. Fikiria hilo taratibu. Aliyempenda alipokuwa hai, dada alibana magoti. Alipokufa, njia ikafunguka.

Sasa kabla hujaniambia kwamba mahakama huwatetea wanawake kama yeye, ngoja. Ni kweli mahakama zetu kwa muda mrefu zimekubali kwamba watu waliokaa pamoja miaka mingi, na jamii ikawajua kama mume na mke, wanaweza kudhaniwa kuwa wameoana. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba dhana hiyo itumike kwa nadra, na kwa ushahidi mzito. Maana yake kwa lugha ya mtaa: usitegemee. Watu wawili kukaa nyumba moja si ithibati kwamba walinuia kuoana. Mwenye jukumu la kuthibitisha ni wewe uliyebaki, na ushahidi wako mkuu umeshazikwa.

Basi tujiulize: ndoa ya Kikatoliki hapa Kenya inahitaji nini hasa? Mimi nilidhani najua. Nilipoketi na kusoma, niliona aibu kwa jinsi orodha ilivyo fupi.

Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 ilikusanya sheria saba za zamani ikazifanya moja, ikatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Wanaooana wawe wametimiza miaka 18. Wawe wamekubali kwa hiari. Wasiwe na ndoa nyingine inayowazuia. Wawepo mashahidi wawili. Na kwa ndoa ya Kikristo, anayeifungisha awe mhudumu mwenye leseni ya serikali. Basi.

Sasa angalia bahati yetu. Padre wa parokia mwenye leseni amevaa kofia mbili kwa wakati mmoja: anashuhudia sakramenti kwa niaba ya Kanisa, na anaandikisha ndoa kwa niaba ya Jamhuri. Si kila nchi iko hivyo. Ufaransa huwezi kufunga ndoa kanisani kabla hujaifunga kwanza kwa meya. Hiyo ni safari mara mbili, mavazi mara mbili. Sisi tunasimama mara moja, tunatia sahihi, na tunatoka tukiwa tumeoana mbele ya Mungu na mbele ya Msajili wa Ndoa. Tumepunguziwa nusu ya njia, na bado hatuiendi.

Upande wa Kanisa, kiini ni kifupi zaidi. Kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili. Padre haozeshi; anashuhudia. Wawili wanaozana wenyewe. Anayehitajika ni paroko, au padre au shemasi aliyepewa ruhusa, pamoja na mashahidi wawili. Na kanuni ya 1116 inakwenda mbali kuliko wengi wetu tulivyofundishwa: pakiwa hakuna mwenye mamlaka hayo wa kufikiwa, na ikaonekana kwamba hali itabaki hivyo kwa mwezi mzima, wachumba wanaweza kuoana kwa uhalali mbele ya mashahidi wawili tu.

Hesabu nami. Bwana, bibi, padre, mashahidi wawili. Ndoa ni watu watano. Hao wengine 345 ni wageni.

Najua kuna msomaji ameshakasirika. Anasema mimi ni wale vijana wanaotaka kila kitu cha haraka, wanaochukia utaratibu. Hapana. Mimi naupenda utaratibu, na nataka nikueleze kwa nini.

Karne nyingi zilizopita Kanisa lilitambua hata ndoa za siri: wawili wakipeana ridhaa, wameoana, hata kama aliyewasikia ni paka wa jirani. Unajua kilichofuata. Mwanamume alitamka maneno usiku, akayakana mchana. Akaoa mwingine hadharani, na yule wa kwanza akabaki na neno lake tupu. Ndipo mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukaamuru kwamba kuanzia hapo ndoa iwe mbele ya paroko na mashahidi wawili au watatu, na iandikwe kwenye daftari. Yaani haya makaratasi tunayoyalalamikia yalianza kama ngao. Yaliwekwa kwa ajili ya yule atakayeachwa, atakayekanwa, atakayeulizwa mochari "wewe ni nani wake?"

Ukiyatazama kwa jicho hilo, karibu kila karatasi ina akili yake. Kwa nini paroko anataka cheti kipya cha ubatizo, na kile cha zamani umekitunza vizuri kwenye bahasha? Kwa sababu Mkatoliki anapooa au kuolewa, ndoa yake huandikwa pia kwenye daftari la ubatizo la parokia alikobatizwa. Cheti kipya kinaonyesha kama kuna mke mwingine Nyeri au mume mwingine Kisii. Kwa nini jina lako linasomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo? Ili anayejua kizuizi aseme kabla watoto hawajazaliwa. Kwa nini kuna mafundisho ya ndoa, na paroko anawahoji mmoja mmoja, mlango umefungwa? Ili msichana anayelazimishwa apate dakika kumi za kusema hapana bila mama mkwe kumsikia. Hayo yote nayakubali, na ningeomba yasipunguzwe hata moja.

Ninachokataa ni ule ukuta mwingine tulioujenga juu ya huu, kisha tukawaambia watu ni ukuta mmoja.

Tofali la kwanza ni la kwetu wenyewe: kamati. Mtu anawekwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, anapangiwa kiwango cha kuchanga, na akitoa kidogo jina lake linabandikwa kwa orodha kila asubuhi kama deni la Fuliza. Wachumba wakiona michango haitoshi, wanasogeza tarehe. Wanasogeza nini? Chakula kinaweza kusogezwa. Wanachosogeza ni ulinzi wao na sakramenti yao.

Tofali la pili ni mahari. Sipingi mahari. Wazee wakae, wanywe, waheshimiane, vizazi vijuane. Lakini hakuna mahali Sheria ya Ndoa inaposema Mkristo hawezi kufunga ndoa kanisani mpaka mbuzi wa mwisho avuke mto. Hata kwa ndoa ya kimila yenyewe, sheria hiyo inasema pale ambapo mahari ni lazima, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuithibitisha ndoa. Yaani serikali imeshasema mbuzi mmoja ni ushahidi. Sisi ndio tunaosema mbuzi mmoja ni matusi. Na mzazi anayemkatalia paroko barua hadi alipwe yote anadhani anamkomoa mkwe. Anamkomoa binti yake, kwa sababu binti tayari anakaa huko, anapika huko, anazaa huko, na hana hata karatasi ya kumlinda.

Tofali la tatu ni la parokia, na hapa naongea kama mtoto wa nyumbani, sio kama mpita njia. Nimeona parokia ambapo barua ya jumuiya haitiwi sahihi kwa sababu mchumba ana malimbikizo ya michango ya ujenzi. Nimesikia orodha ya malipo ya harusi ikisomwa kwa wachumba, kwaya bei yake, mapambo bei yake, hadi mzee wa kufungua geti, bila mtu kuwaambia kwamba yapo mambo wanayoweza kuyaacha yote na bado wakaoana. Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai chochote kwa sakramenti zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka husika, na ahakikishe maskini hawanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Maneno hayo si yangu wala ya mwanaharakati wa mtandaoni. Ni sheria ya Kanisa lenyewe. Mbona haibandikwi kwenye ubao pale nje, karibu na matangazo ya harambee?

Padre mmoja nilipomwambia haya alinijibu kwa upole: "Binti, watu wenyewe ndio wanaotaka harusi kubwa. Mimi nikiwaambia waje siku ya kazi, wanaona nimewadharau." Ni kweli, na jibu lake lilinichoma kwa sababu liliniangukia mimi. Nani alikuwa amekaa kwenye ile hoteli akihesabu magari ya rangi moja? Nani alikuwa amehifadhi picha mia mbili za gauni kwenye simu? Tumefundishana kwamba ndoa ya asubuhi, bila hema, ni ndoa ya watu walioharibikiwa. Mimba. Haraka. Aibu. Basi anayeweza anaficha umaskini wake kwa mkopo, na asiyeweza anauficha kwa kusema, "Tutafanya Desemba."

Lakini padre naye ana la kufanya. Mnamo Septemba 2014 Papa Francis aliwafungisha ndoa wachumba jozi ishirini kwa pamoja katika Basilika ya Mtakatifu Petro, na baadhi yao walikuwa tayari wanaishi pamoja. Hakuna aliyesema ile ni misa ya watu walioharibikiwa. Hapa kwetu pia zipo parokia zinazofanya harusi za pamoja, na Mungu azibariki. Shida ni jinsi zinavyotangazwa: "wale ambao hawajiwezi". Nani atainuka kwenye benchi akitambulishwa hivyo, watoto wake wakitazama? Tangazeni hivi: ndoa hufungwa hapa Jumanne hadi Jumamosi, misa ya asubuhi, njooni na mashahidi wawili. Kisha siku moja mwenye gari kubwa naye aje Jumanne, na aibu yote itakwisha siku hiyo.

Watu wataniambia: lakini furaha je? Utamaduni je? Sisi si Wazungu, ndoa ni ya jamii nzima. Sawa. Cheza, pika, ita kijiji. Fanya sherehe mwaka wa kwanza, mwaka wa tano, siku mtoto wa pili anabatizwa. Sherehe haina tarehe ya mwisho. Cheti kina tarehe ya mwisho, ila hakuna anayejua ni lini. Shemeji hakujua kwamba ile Jumatano ndiyo ilikuwa yake.

Na nyinyi mlioamua kufanya harusi kubwa, hapo sawa, sina neno. Ila niwaombe mambo matatu. Kwanza, kama mnaleta padre rafiki kutoka mbali, ulizeni mapema kama ana leseni ya serikali na ruhusa ya paroko. Ukaribu wake na familia hautoshi. Pili, hakikisheni majina kwenye cheti ni yaleyale ya kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kabla hamjatia sahihi. Kalamu ya padre haina kitufe cha kufuta. Tatu, msiondoke na picha mkaacha karatasi. Ulizeni nakala yenu iko wapi, ulizeni kama ya Msajili imepelekwa, na muiweke mahali wote wawili mnapajua. Nimeona watu wenye albamu ya kurasa 80 wasioweza kusema cheti chao kilipo.

Ile kamati yangu niliivunja wiki mbili baadaye. Mjomba alininunia hadi Krismasi. Shangazi aliniuliza kwa siri kama nina mimba. Waliokuwa wameshachanga tuliwarudishia kwa M-Pesa, mmoja mmoja, na wengine wakatuambia tubaki nazo tununue friji.

Tulifunga ndoa Alhamisi, misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilivaa gauni la kitenge ambalo nitalivaa tena. Kwenye mabenchi walikuwapo wale mama wa misa ya kila siku, rozari mkononi, na askari wa usiku aliyekuwa anatoka zamu. Padre alihubiri dakika nne. Tulipeana ridhaa yetu kwa sauti, na nikashangaa jinsi maneno yale yalivyo machache.

Kisha paroko akafungua daftari juu ya meza ndogo kando ya altare, na cheti pembeni. Mume wangu akatia sahihi. Nikatia. Shahidi wake akatia. Shahidi wangu alikuwa dada.

Alichukua kalamu akaisoma ile karatasi yote, kutoka juu hadi chini, polepole, kidole kikifuata mistari, kama anayetafuta kosa. Padre hakumharakisha. Alipofika mwisho akauliza, "Ni hii tu?"

"Ni hii tu, mama," padre akamjibu.

Akatia sahihi. Halafu tukaenda kunywa chai, watu watano, na bili ilikuwa shilingi 640.